Ng'ombe kwa Simeon, Mavi kwa Shimo Langu

Mama Nanzala, wewe unayesuluhisha ndoa za watu usiowajua, naomba unipe shauri mimi ambaye ndoa yangu iko sawa ila mavi ndiyo yananisumbua. Usicheke kwanza. Mimi ni mzee, shule niliachia darasa la tano kwa sababu mwalimu alipenda kuchapa kuliko kufundisha, kwa hivyo ukipata makosa kwa hii barua ujue ni ya mwalimu.

Hapa Munyaka, kabla ya kura ile ya elfu mbili na saba, walikuja watu wa mradi wakatuambia nchi maskini kama yetu imekalia utajiri bila kujua, jua ni bure, upepo ni bure, na mavi ya ng'ombe ndiyo bure kabisa, nami nikawauliza kama mavi ni utajiri mbona wao hawana hata zizi, lakini mke wangu Awuor alikuwa anakohoa kwa moshi wa makaa ya Timboroa, nikakubali wachimbe shimo kwa ploti yangu, wakajenga ndani tumbo la matofali, unatia mavi na maji, gesi inapita kwa paipu mpaka jikoni. Yule mama mkubwa wa mradi tulimwita Madam, na ng'ombe yangu nikaiita Madam, kwa heshima, ingawa kati ya hao wawili ni ng'ombe tu aliyetimiza ahadi. Awuor akaacha kukohoa.

Basi kura ikapigwa, ikahesabiwa walivyotaka, na sisi Wajaluo, watu wa ziwa, mwaka ule tuliambiwa tuko upande mmoja na wenyeji Wanandi, lakini moto uliotiwa nyumba ya pili haukuambiwa, ukaruka mpaka kwa mbao zangu. Nikafungua Madam kamba nikamwambia ajitafutie, tukakimbilia Siaya na nguo za mwilini. Tuliporudi, nyumba ni majivu, zizi ni majivu, ila shimo la mavi liko salama salimini. Mungu anajua cha kuokoa.

Sasa shida. Jirani yangu, nimwite Simeon kwa sababu ndilo jina lake, ni Mnandi, mwenye ng'ombe. Kati ya hao iko moja pembe ya kushoto imepinda kama mkono wa birika, na nikisimama kwa ua niseme "Madam," inageuka. Simeon hageuki. Kila asubuhi huyu bwana analeta wilbaro ya mavi mpaka kwa shimo langu, mwenyewe, bila kuitwa, alianza hata kabla sijapata mabati ya kuezeka, anamwaga, ananisalimia kwa kwao, "Chamgei, Mzee," anaenda. Yaani ameniibia ng'ombe, ananirudishia mavi. Mwaka jana ilizaa, akaja kwa ua kuniambia, "Mzee, ni jike," kama mimi ndiye karani wa vizazi. Na kila Jumapili ni "Mzee, utakuja lini kwangu tunywe mursik?" yale maziwa yao ya kibuyu. Anikaribishe maziwa ya ng'ombe yangu, nami nipanguse mdomo niseme asante? Ujirani ni mzuri, sikatai, hata hili gazeti nakusoma kwa lake, ananipitishia juu ya ua akishamaliza.

Nikinyamaza, mimi ni mjinga. Nikidai, mavi yatakoma, gesi itakoma, Awuor arudi kwa makaa na kile kifua chake, na kura nyingine ni mwaka ujao. Awuor mwenyewe anasema, "Kula ugali uliopikwa na hayo mavi, unyamaze." Ninyamaze? Jina langu usiandike, nina aibu.

Mwenye Shimo, Munyaka

*

Mzee Mwenye Shimo,

Pole kwa nyumba, pole ya kweli, maana mimi pia ni wa kuja hapa Eldoret na moshi ule niliunusa. Pole imeishia hapo. Sasa keti.

Wewe unaweza kutoa moto kwenye mavi, lakini neno la jirani yako huwezi kulitoa maana. Mwizi wa ng'ombe humwuza, au humchinja, au humpeleka mbali asikokusikia ukimwita. Hamfugi mbele ya macho yako akuletee na habari za uzazi.

Mimi nimeolewa kwa Wanandi, sikiliza. Kwao mtu huweka ng'ombe wake kwa boma la mwingine achungwe. Anayechunga hunywa maziwa, hiyo ni haki yake. Ndama ni wa mwenyewe, na akizaliwa mwenyewe huambiwa. "Ni jike" hayakuwa majivuno, Mzee. Ilikuwa taarifa ya mali yako. Na mwenye ng'ombe ndiye huenda kwa mchungaji, akaketi, akanywa, akaona wanyama wake. Simeon anakuita kila Jumapili ufanye hivyo, nawe umebaki kwenye ua ukiita "Madam" kama mtu aliyeachwa na mke.

Utasema angekwambia waziwazi. Baada ya mwaka ule, nani hapa alibaki na mdomo wa kusema waziwazi? Yeye alisema kwa wilbaro.

Vaa shati safi. Beba sukari na majani, na umbebe Awuor, maana mwenye akili nyumbani ni yeye. Kunywa mursik mpaka chini ya kikombe. Usidai kitu. Uliza tu, "Madam hajambo?" kisha nyamaza, jambo ambalo najua litakuwa gumu kuliko yote. Kama nimekosea, umepoteza sukari, na mavi yatakuja Jumatatu kama kawaida.

Ukipewa kamba, mchukue Madam, lakini ndama mwache kwa Simeon. Si kwa sababu huna nyasi, ingawa huna. Kura inakuja, na mtu mwenye ndama wako zizini ana sababu ya kuchunga paa lako, nawe una sababu ya kuchunga lake. Hii mila haikubuniwa kwa ajili ya maziwa peke yake.

Na usingoje Jumapili. Jina lako nimelificha ulivyoomba, la Simeon umeliandika mwenyewe, na gazeti hili, kwa maneno yako, yeye husoma kwanza. Kwa hivyo unaposoma haya ameshayasoma. Hebu inua macho, uangalie kwenye ua.

Mama Nanzala