Mwaka Mji Wetu Ulipopata Daraja

4 Februari

Mdogo wangu,

Sisi huku wazima, ukiacha goti langu, ambalo siku hizi linatabiri mvua kuliko redio. Mama hajambo, anakuulizia kila akisikia gari limesimama. Na wewe huko chuoni, kifua kimepona?

Nimesikia, tena kwa mfagiaji wa ofisi, kwamba halmashauri imekupa wewe kazi ya kuandika kitabu cha mji wetu: mlima, mito miwili, kata zote nne na historia yake. Hongera. Mimi ni karani tu, niliyetunza mihtasari ya vikao miaka ishirini na sita. Mwenyekiti anasema walitaka mtu aliyesoma. Na mimi nasoma, ila mita za maji.

Nakala za mihtasari nimezituma, kilo tisa. Usiumize mgongo.

Kaka yako

19 Machi

Kaka,

Shikamoo. Kifua kimepona, ahsante. Goti likandwe, uache kulifanya mtabiri.

Rasimu hii hapa. Ukurasa wa kumi na moja nimeanza na ule muhtasari wa zamani usio na tarehe, "Mji wetu umepata daraja," nikaeleza tulivyopandishwa kutoka kijiji kuwa mji mdogo. Jambo moja linanisumbua. Lile daraja la mbao la kwenda Ng'ambo, alilojenga Baba kabla halijaja hili la zege, silioni popote. Unakumbuka mwaka hasa? Nataka Mama alikute kitabuni. Nisahihishe bila huruma, wewe ndiye unayeujua mji.

Mdogo wako

2 Aprili

Mdogo wangu,

Salamu za hapa ni njema, na Mama anakula vizuri.

Nimesoma yote. Sehemu ya mito imenoga. Mwenyekiti anakusifu mpaka chai inampoa. Kosa sikuona. Daraja la Baba sikumbuki mwaka. Labda halikuandikwa, wazee wale hawakuandika kila kitu.

Kaka yako

20 Juni

Mdogo wangu,

Natumaini mitihani iliyokuzuia kuja imekwisha salama. Huku wazima, isipokuwa mimi, na safari hii si goti.

Kitabu kilizinduliwa Jumamosi. Mama alikaa mstari wa mbele. Diwani wa Ng'ambo aliposoma ukurasa wa kumi na moja, Mama akaniuliza, kwa ile sauti anayodhani ni ya kunong'ona, "Na mume wangu yuko ukurasa gani?"

Yuko hapo hapo. "Mji wetu umepata daraja" ni lile la mbao, la Baba. Cheo cha mji kilikuja miaka sita baadaye. Nililiona kosa siku rasimu ilipofika, nikafurahi. Nilitaka watu wamcheke msomi. Hawakucheka, walipiga makofi.

Mwenyekiti nimemwambia kosa ni langu. Nakala mia tatu ziko stoo, nazisahihisha kwa kalamu moja moja. Nimefika mia na arobaini.

Kaka yako, kama bado unanihesabu

4 Agosti

Kaka,

Shikamoo. Mimi mzima. Barua yako nimekaa nayo wiki sita. Nimeanza kujibu mara tatu, nikachana.

Ulinidanganya kuhusu Baba, na hilo sijalisamehe. Lakini kuna linaloniuma zaidi. Daraja lilipojengwa nilikuwa shule ya bweni. Wewe ndiye uliyemshikia Baba mbao. Kila likizo mlikuwa mkilisimulia mezani, mnacheka nyinyi wawili, mimi nakula. Aliyekuwepo asingesoma neno "daraja" akaona cheo. Huo wivu unaodhani ni wako peke yako, mimi ninao tangu nina miaka kumi na minne.

Niandikie. Maji yalikuwa yanawafika wapi? Baba alikuwa anasema nini akijigonga kidole na nyundo? Si kwa ajili ya kitabu.

Mdogo wako