Shangazi Alimwita kwa Jina Lake

Kabambare,
Tarehe 14 Agosti 1954

Mpendwa ndugu yangu Asani,

Pokea salamu nyingi kutoka nyumbani. Hujambo huko Albertville, na kazi ya gari la moshi inakwendaje? Shemeji Mwamvita amepona ile homa yake? Sisi huku tunashukuru. Mpunga umeiva vizuri mwaka huu, na mke wangu Feza ananigombeza asubuhi na jioni, kwa hiyo ujue ni mzima kabisa.

Ningependa kukuandikia habari za mpunga mpaka karatasi iishe, lakini moyo haunipi nafasi. Mama yako, shangazi yangu, amevunjika mkono wa kulia. Usishtuke sana, yuko hapa kwangu, anakula, na mganga wa dispensari amemfunga vizuri. Aliyemvunja ni Ismaël, yule kijana wa mtaa wetu aliyeingia polisi. Alikuwa kazini, amevaa sare. Nami nilikuwepo, nikacheka.

Unajua Ismaël ni mjukuu kwa mama yako, kwa kuwa bibi yake na Shangazi ni wa ukoo mmoja. Siku zote wakikutana humwita mke wake, naye Shangazi humrudishia maneno yasiyoandikika. Basi siku ya soko Shangazi aliweka kikapu chake cha mchele kando ya barabara, mahali ambapo polisi wamekataza. Ismaël akaja na kamba. "Muke wangu, leo ninakufunga!" Shangazi akanyoosha mikono mwenyewe: "Funga basi, bwana yangu, tuone nani atakupikia bukari!" Soko zima likacheka. Mimi, nimekaa kwenye cherehani yangu, nikapaza sauti: "Kaza kamba, atakukimbia!"

Ndiyo, Asani. Maneno hayo ni yangu.

Kisha akaanza kumvuta kweli. Shangazi akapiga kelele, nasi tukazidi kucheka, maana bibi akitaniwa na mjukuu hulia hivyo hivyo, huita watu waje waone mume anavyomuua. Ndipo akasema, "Ismaël, niache." Wewe umekulia hapa, umeliona hili tangu utoto: mkubwa akiacha kumwita mjukuu "bwana yangu" na kumwita kwa jina lake, utani umekwisha hapo hapo, na anayeendelea anafanya ugomvi. Ismaël alisikia, akavuta tena. Shangazi akaanguka juu ya mkono wake. Hata hivyo alimpeleka, akamfungia kwenye kasho ya polisi mpaka jua lilipopungua.

Mama yako amekataa kunyamaza, na kichwa chake unakijua. Tulianza kwa chefu anayetutawala. Yeye akasema huo ni utani tu, familia ya Ismaël walete mbuzi, waombe radhi, yaishe. Shangazi akamwambia mbuzi huyo wampikie polisi wao. Tukaenda kwa sajini anayewasimamia. Huyo hakutukaribisha hata kwenye kivuli, akatuambia tusimpotezee wakati kama hatuna shahidi. Padri wa misioni, ingawa sisi si watu wake, ndiye aliyetueleza vizuri. Alisema polisi hao ni wa mzungu anayetawala teritwari yetu, naye husikiliza mashtaka barazani, na juu yake yuko juji wa Kasongo, anayekata kesi kubwa.

Lakini kila tulikopita tuliulizwa jambo moja, nani aliona? Na walioona wote walicheka. Sasa kila mmoja anaapa kwamba kulikuwa na kelele, hakusikia jina lolote. Ismaël naye alikuwa akitembea sokoni bila wasiwasi: "Muulize Hemedi fundi. Ni yeye alisema nikaze."

Nilitafuta njia ya kukwepa, sikufichi. Ni mimi niliyekuwa nikishona kaptula za polisi, na kazi hiyo ndiyo iliyotulisha. Mwishowe nikamwambia Shangazi kwamba nitakwenda, ila nitasema sikucheka, kwa maana shahidi aliyecheka atamharibia kesi. Alinitazama, nikatamani ardhi inimeze. "Utasema ulicheka," akanijibu. "Na utasema ulisikia jina."

Jumatatu tulikwenda barazani. Nilisema yote: kicheko, kamba, jina. Karani alipata shida kumfasiria mzungu kwa nini mwanamke mzee aitwe mke wa kijana, na watu walianza kucheka tena, mpaka Shangazi aliponyanyua ule mkono. Mzungu akaamuru Ismaël avue mkanda na kofia, akasema kesi ataipeleka kwa juji wa Kasongo. Kaptula za polisi zinashonwa na mwingine sasa. Hilo nimelimeza.

Lisilomezeka ni swali la mwisho. Karani aliniuliza: "Na weye, uliposikia ile jina, ulifanya nini?"

Nikajibu kwamba niliinamisha kichwa, nikaendelea kushona. Mama yako alikuwa amekaa nyuma yangu, anasikia.

Huko Kasongo nitaulizwa tena na nitajibu vile vile, lakini nimetaka wewe uyasikie kwangu kabla hujayasikia kwa madereva wa malori. Shangazi ananiambia nikuandikie usiache kazi ukaja na hasira. Nimeandika, kama alivyotaka. Ila mimi nasema njoo, na hasira uje nayo. Ya Ismaël utampelekea juji. Iliyo yangu usimpe mtu mwingine, niletee hapa nyumbani, mlango u wazi.

Feza anawasalimu sana, na Mzee Atumani, jirani yetu, anamsalimu Mwamvita na watoto. Mungu awape afya, awatunze kuliko nilivyomtunza mama yako siku ile.

Ni mimi wako akupendaye, ingawa kwa aibu,

Hemedi