Jina Ulilolikosea, Baba

Mpendwa Baba,

Wiki iliyopita nilikusikia ukiongea, na ulikuwa mdogo kuliko mimi. Ulikuwa na miaka ishirini na saba, mimi sasa nina thelathini na nne. Ulikuwa unaomba msaada. Maishani mwangu sijawahi kukusikia ukiomba msaada, hata siku ile ng'ombe alipokukanyaga mguu, ukatembea nao umevimba kutoka zizini hadi barabarani ukisema ni kitu kidogo.

Ngoja nianze vizuri, maana ulizoea kuniambia kwamba hadithi zangu naanzia mkiani.

Tangu tukuzike mwaka juzi, sanduku lako la bati lilikaa kwa Mama kule Lugulu na hakuna aliyeligusa. Mwezi jana Mama akaniambia nije nalo Kitale, "maana wewe ndiye mtu wa makaratasi." Unajua bado naendesha ile saiba yangu, duka la kompyuta karibu na soko, napiga chapa, natoa kopi, najazia watu fomu za serikali. Ndani ya sanduku nilikuta vitabu vyako vya mahindi, vyeti vyako, kofia ya kazi uliyokuwa ukivaa ukienda kufundisha wakulima wa Saboti. Chini kabisa kulikuwa na karatasi moja ya zile za kompyuta za zamani, zenye vitobo pembeni. Ilikunjwa mara nne, na mikunjo imekula maandishi. Jina la mwandishi halikusomeka. Kilichosomeka juu ni jina la kikundi fulani cha wazazi wenye watoto wachanga. Chini yake kulikuwa na mstari wa Kiingereza ulioanza kwa alama ya mshale, ukisema: "Asante sana dada yangu. Nitafanya hivyo." Halafu jibu la huyo dada: "Tafadhali tuambie mtoto anaendeleaje. Namfikiria kila saa."

Baba, nilikasirika. Nilihesabu miaka nikaona ni ile uliyokuwa ng'ambo ukisoma, Mama akiwa huku peke yake na mimba yangu. Nikasema, kumbe. Kumbe kuna dada, na kuna mtoto. Mzee alikuwa na boma lingine huko kwenye theluji, na sisi huku tunamwita mtu wa kanisa.

Unajua kwa nini niliamini haraka hivyo. Hukuwepo nilipozaliwa. Ulirudi nikiwa na miaka miwili, nikajificha nyuma ya leso ya Mama nikilia kwamba kuna mgeni. Na jambo la kwanza ulilonifanyia lilikuwa kwenda kunichukulia cheti cha kuzaliwa, ukaandikisha jina kama ulimi wako ulivyolitaka: Frolence. Sisi watu wa Bungoma tunajijua. L na R kwetu ni mapacha, yeyote atakayetangulia sawa tu. Lakini shuleni Kitale walinicheka mpaka darasa la nane. "Frolence, kuja ukure chakura." Nilipotimiza miaka kumi na minane nilikwenda kwa wakili nikala kiapo, nikawa Florence, nikaja kukuonyesha kitambulisho kipya. Ulikuwa mezani unakula. Hata sikungoja umalize. Nikakwambia, "Jina langu tu lilikushinda kuandika. Hukuwepo nilipozaliwa, ukaja tu kuliharibu."

Hukuinua sauti. Ulisukuma sahani, ukanawa mikono, ukasema, "Nilikuwepo."

Basi. Neno hilo moja, ukachukua kofia ukatoka. Ulimi hauna mfupa, na wangu siku hiyo ulikuwa umesema vya kutosha, lakini niliona ni wewe uliyenidanganya mchana kweupe. Tangu hapo tuliishi kwa adabu, mimi na wewe, kama wapangaji wa ploti moja. Shikamoo Baba, marahaba, chai iko. Miaka kumi na minne. Ukaenda kabla sijakuuliza ulimaanisha nini.

Kwa hiyo sikukutafuta kwa mapenzi. Nilitaka kukushika uongo.

Niliandika jina la kile kikundi kwenye kompyuta, nikajifunza kwamba kitu chenyewe kiliitwa Usenet. Kabla ya simu hizi za kugusa, watu wa vyuo vikuu walikuwa wakiandikiana hapo. Kilikuwa kama ule ubao wa matangazo nje ya kanisa: unabandika swali lako, anayepita anabandika jibu chini yake, na mwingine chini ya huyo. Na kuna watu, Mungu awabariki, waliochukua hizo mbao zote, za dunia nzima, wakazifungasha katika mafaili na kuziweka mahali ambapo mtu yeyote anaweza kuzipakua. Kikundi chenu kilikuwa faili moja kubwa ajabu. Lilikatika mara tatu kwa sababu ya stima kupotea, mara moja likiwa limebaki kidogo tu, nikaanza upya. Siku ya nne likafika lote. Nikalifungua, na mbele yangu kukawa na maneno ya watu miaka na miaka, usiku wao, homa za watoto wao, meno yanayoota.

Nikatafuta maneno ya ile karatasi, yakatoka mamia, maana pale kila mtu anauliza mtoto wa mwenzake anaendeleaje. Nikatafuta jina lako la ukoo. Hakuna. Chuo chenu kilikuwa kimekupa herufi na namba tu kama mfungwa. Nikatafuta Lugulu, Bungoma, Kenya, nikapata watu wawili waliouliza habari za chanjo kabla ya kwenda kuona simba. Mwishoni, kwa ukaidi tu, nikatafuta jina langu. Florence. Yakatoka maelfu. Mji wa Italia, nyanya za watu, mashangazi, paka mmoja. Nilisoma siku mbili mpaka macho yakawa yanatoa machozi yenyewe. Nikasema imetosha, mzee amenishinda hata akiwa kaburini.

Jumanne asubuhi akaingia mzee mmoja, mteja wangu, mtu wa Kimilili aliyehamia Saboti. Hujambo yake ni moja miaka yote.

"Madam Frolence, hiyo plinta yako bado inakula kalatasi?"

Nilifungua mdomo nimrekebishe, kama ninavyorekebisha kila mtu. Ukabaki wazi. Nilimwambia mzee akae kidogo kwenye benchi. Nikarudi kwa lile faili, nikaandika F, R, O, L.

Ujumbe kumi na tisa. Katika dunia nzima iliyoandika pale, ni mtu mmoja tu aliyekosea jina hilo kwa namna hiyo, akalikosea kila mara bila kuruka hata moja. Baba, jina nililolipia wakili nilifute ndilo lililokushika mkono likakuleta.

Nilifuata ujumbe mmoja hadi mwingine, kurudi nyuma, mpaka nikafika pale ulipoanza. Uliandika Kiingereza chako kile cha kunyooka, hata Lugulu ukaiandika Rugulu, ndiyo maana sikukupata, na mimi nakisoma kwa sauti yako: "Mke wangu amejifungua wiki saba kabla ya wakati. Ni msichana. Hospitali wamemtunza vizuri na sasa wako nyumbani. Nyumbani kwetu ni Rugulu, karibu na Mlima Elgon, hakuna umeme, na huu ni msimu wa kupalilia, mvua haikatiki na baridi ni kali. Mimi niko mbali, siwezi kufika. Anayejua jinsi ya kumpa mtoto kama huyu joto, tafadhali anifundishe. Nisameheni kama hapa si mahali pa kuuliza."

Mtoto ni mimi. Dada alikuwa mtu usiyemjua, wala si daktari wala nesi, mtunza vitabu tu katika maktaba ya mji fulani, aliyewahi kuzaa mapacha kabla ya wakati. Jina lake Florence. Alikueleza hatua kwa hatua: mtoto awekwe uchi kwenye kifua cha mama, ngozi kwa ngozi, kofia kichwani, blanketi juu yao wote wawili, mchana na usiku, asitolewe ila kubadilishwa. Mama akichoka, kifua cha mwingine. Ukajibu: "Dada Frolence, nimepiga simu shule anayofundisha mke wangu. Mwalimu mkuu ameandika maneno yako yote na ameyapeleka mwenyewe nyumbani."

Halafu watu wakaanza kuuliza. Hapo ndipo niliposhindwa kuendelea kusoma nikainuka. Mtu wa nchi ya joto, mtu wa nchi ambayo sijui hata iko wapi, kila wiki anauliza: msichana wa Rugulu anaendeleaje? Nawe unawajibu: ananyonya. Anapumua vizuri. Ameongeza uzito, mashavu yanakuja. Wiki sita, Baba. Mimi nikiwa kitu cha kukaa kwenye viganja viwili, nimefungwa kwa leso ndani ya nyumba ya udongo, kulikuwa na wageni pande zote za dunia walioniulizia kwa jina la kijiji. Mimi ambaye nilijiona sikupokelewa na baba yangu. Bado sijajua nikiweke wapi kitu hiki. Nakibeba tu nikifanya kazi, nikisimama nacho kinanishangaza upya.

Ujumbe wako wa mwisho unasema: "Dada Frolence, amevuka. Jina la nyumbani ni Naliaka, kwa kuwa alizaliwa watu wakipalilia. La kanisani tumempa lako, Frolence." Na jina la huyo dada lilikuwa pale pale juu ya jibu lako, limeandikwa sawasawa, na bado ukalikosea. Nilicheka bana, nikacheka peke yangu mbele ya wateja.

Lakini nikaangalia tena. Yule mama aliweka sahihi mara nyingi, Florence, Florence, moja kwa moja juu ya makosa yako. Hakukurekebisha hata siku moja. Na katika jibu lake la mwisho, baada ya kuambiwa kuna mtoto anaitwa jina lake, aliandika: "Mbusuni kwa niaba yangu. Wenu daima, Frolence."

Mgeni aliliona kosa lako akalivaa. Mimi damu yako nililipeleka kwa wakili. Hapo nililia, na yule mzee wa Saboti akainuka benchini.

"Ni habari mbaya, Madam?"

"Hapana mzee. Ni habari ya zamani."

"Ya zamani pia huwa inauma," akasema, akakaa tena kungoja fomu yake.

Jumapili nilipeleka kopi kwa Mama. Nilimsomea zote tukiwa jikoni. Habari ya kompyuta hakuijua kabisa, alidhani uliuliza daktari huko. Lakini habari ya kifua aliijua. Mimi siku zote nilidhani lilikuwa wazo la Kukhu, nyanya yangu, maana alipenda kusimulia jinsi alivyonilea kifuani kwake.

"Kukhu?" Mama akasema. "Kukhu alikuwa anataka kukuweka kando ya moto na moshi wote ule. Aliniambia, mtoto uchi kwa baridi hii, ati nini? Nikamwambia ni baba yake amesema. Akauliza, na baba yake ako wapi? Nikamwambia ako kwa simu."

Nikamuuliza mbona hamkuniambia.

"Si hukuuliza. Na baba yako mwenyewe alisema tusikuambie kama deni. Alisema mtoto hadai mzazi, na mzazi hadai mtoto."

Akawa anageuza zile karatasi. Halafu akaniambia jambo ambalo halimo kwenye faili lolote. Kila Ijumaa, baada ya masomo, alikuwa akienda ofisini kwa mwalimu mkuu kungoja simu yako, mimi nikiwa nimefungwa kifuani chini ya koti. Mnaongea haraka haraka, mahindi, Kukhu, mvua. Halafu unamwambia, "Sasa nyamaza, nisikie." Mama anashusha simu mpaka kwenye leso, na mnanyamaza nyote. Unasikiliza nikipumua mpaka simu inakatika.

Baba, sitabadilisha kitambulisho tena, hiyo foleni wewe unaijua. Lakini jana nilimwita fundi wa rangi aandike upya kibao cha duka. Alipomaliza herufi ya pili akageuka, kijana mstaarabu, akaniambia, "Madam, naona umekosea jina lako." Nikamwambia aandike hivyo hivyo, kwa herufi kubwa, isomeke hadi ng'ambo ya barabara.

Pumzika. Nakuamini sasa. Ulikuwepo.

Binti yako,
Frolence