Jina Lako Juu ya Stoo ya Mahindi

Mwalimu wangu,

Shikamoo. Uniwie radhi, leo nimekuja na hasira, na nyingine ni juu yako wewe mwenyewe.

Unaukumbuka ule ungo wa ulezi, barazani kwako Ilemba? Ulisawazisha ulezi kwa kiganja, ukaweka kizibo cha soda katikati, ukapanga maharage kukizunguka. Kizibo ni hadubini yetu moja, maharage ni wanafunzi. Ukasema, "Tujenge maabara kama seli. Kiini katikati, kazi zote zinakizunguka. Seli haina dawati la nyuma." Mimi niliyekuwa nikikaa nyuma darasani kwako, kengele ikilia kabla zamu yangu ya hadubini haijafika, nililia. Ukajifanya kuulaumu moshi wa jikoni. Mkeo naye akauliza ulezi wake atausaga lini.

Siku ya mazishi yako mwenyekiti wa bodi ya shule, yule mnunuzi wa mahindi wa Sumbawanga, aliapa mbele ya padri kwamba maabara itajengwa vilevile ulivyoichora. Wazazi wakafyatua tofali, wakazichoma kwa kuni zao. Hata misa ya arobaini haijasomwa, mchoro umebadilishwa! Eti ukuta wa duara unakula tofali. Eti nyumba za mviringo tuliwaachia mababu. Eti hili ni soko huria, jengo lijilipe.

Basi limesimama na pembe zake nne. Nusu ni stoo ya mahindi yake. Nusu nyingine madawati yamepangwa mistari, hadubini imefungiwa kabatini kule mbele, na watoto wanapiga chafya kwa vumbi la magunia. Mimi ndiye ninayewafundisha humo. Nikiwaangalia wale wa nyuma, moyo unaniuma.

Na wewe! Ulipochekwa kwenye kikao cha shule kwa mchoro huo, ulikunja karatasi yako ukasema, "Mtakavyoona inafaa." Upole gani ule, Mwalimu? Mimi nilikuwa pale na sikufungua mdomo. Hilo silisahau.

Wiki iliyopita wakaandika jina lako juu ya mlango, kwa rangi nyekundu, herufi kubwa. Nilivumilia yote, hilo likanishinda. Jumatatu, wanafunzi wakiwa mstarini, nilipanda ngazi nikalipaka chokaa jina lako lote. Mkuu wa shule kanitaka nijieleze kwa maandishi kwa nini nimemvunjia marehemu heshima. Huenda nikahamishiwa Kabwe, kule mbali ziwani, huenda nikafukuzwa.

Pumzika, Mwalimu. Nakuahidi popote watakaponipeleka nitatoa meza ya hadubini mbele niiweke katikati, hata kama darasa ni la nyasi. Barua ya kujieleza nimeshaipeleka ofisini. Ina mstari mmoja tu: Marehemu hakuchora stoo.

Mwanafunzi wako,
Skolastika