Siku Papa Félicien Hakukoroma

Jolie weye! Bado nacheka!

Unamjua jirani yetu Papa Félicien, yule anakoroma kama lori. Mchana akikoroma, avenyu nzima inatulia. Akinyamaza, tunajua ameamka, amesikia masasi, milio ya risasi, kabla ya watu wote. Ndivyo tumeishi vita hii yote.

Sasa daktari alimwambia pumzi yake inakatika usingizini. Akapewa mashine ya kupuliza hewa, na maski ya kuvaa puani. Wiki nzima alikataa: "Minye si tembo, sivai mukonga!" Leo mchana bibi yake wa ndoa, Concilie, akambembeleza mpaka akaivaa, kisha Concilie akaenda zake kuimba korali.

Papa akalala. Tukangoja akorome.

KIMYA.

Jolie, kimya kabisa!

Jirani mwingine, Mama Geneviève, akapiga kelele: "Félicien amenyamaza!" Batu wakabeba watoto, magodoro, hata sufuria ya maharagwe inachemka. Mbio mpaka mpakani Kavimvira! Na hakuna risasi hata moja!

Papa akaamka mwepesi kama kijana, akakuta avenyu tupu. Akadhani vita imefika, tumemwacha. Akatufuata na maski usoni, mpira wa hewa unaning'inia kifuani. Tulipoona kitu chenye mukonga kinatufuata, tukaongeza mbio!!

"Ngojeni! Adui iko wapi?" Tukajua ni sauti ya Papa, tukasimama.

"Adui ni weye!" Mama Geneviève akamjibu. "Kwa nini hukukoroma?" Tukacheka wote.

Papa akavua maski. "Nililala," akasema. "Tangu vita ianze, leo ndio nimelala kweli."

Hakuna aliyecheka tena.

Tumekubaliana tulinde kwa zamu, tusikilize masasi badala yake. Minye ndiye nimeanza. Usinipigie simu, andika tu. Papa amelala.