Sauti Yangu Mkutanoni Gehandu

Jumatatu, 4 Agosti 2008. Mbulu
Miaka ishirini na tisa tangu tutolewe Gehandu. Shamba kubwa la ngano lilihitaji uwanda, na sisi tulikuwa juu ya uwanda. Leo Hhando, mtoto wa marehemu mdogo wangu, kapiga simu. Shamba lile limekufa, ardhi inarudi kijijini, Jumapili wazee wanakaa kugawa. "Baba mkubwa, useme pale pa babu ni wapi." Nilikuwa sokoni. Ajabu — habari niliyoingoja miaka yote hiyo imenikuta nimeshika kitunguu!

Jumanne, 5 Agosti
Nimemwambia Tekla. "Nenda," kasema, "ila blanketi langu unaliacha." Mke wangu ni mtu wa baridi ya huku, uwandani hajawahi kulala. Nilicheka. Yeye hakucheka.

Nafikiria hiki kidude, simu ya mkononi. Zamani maneno yalikuwa bure, gharama ilikuwa safari. Sasa safari naweza kuiacha, maneno nayanunua kwa sekunde, kwenye kikaratasi cha kukwangua. Je, ukinunua sauti ya mtu, umepata kiasi gani cha huyo mtu?

Alhamisi, 7 Agosti
Jaribio! Nimemwomba Hhando atembee na simu hadi kwetu, namwelekeza toka huku: ziwa liwe nyuma yako, Mlima Hanang mbele, shuka korongo dogo. "Utaona tuta la udongo limemzidi mtu urefu. Kaburi la babu yako. Tulilijenga miezi tisa, kama kwetu anavyozikwa mzee wa heshima."

"Hakuna, baba mkubwa. Pamenyooka kama meza. Trekta."

Nilisikia upepo — au simu yenyewe ndiyo huvuma, siwezi kutofautisha. Kisha jogoo. Kisha mwanamke: "Nani huyo unamwonyesha nyumba yangu?"

Anaitwa Fausta, mjane. Alikuwa kibarua wa shamba lile. Lilipokufa akajenga hapo hapo na watoto wake. Hhando kampa simu. Kaniamkia vizuri kabisa: "Shikamoo mzee." Halafu: "Unakuja kunitoa?"

Nikasema marahaba. La pili sikulijibu.

Ijumaa, 8 Agosti
Sijalala vizuri. Tuta lile! Walipitisha jembe juu yake, wakapanda ngano, watu wakala mkate. Labda hata mimi, hapa Mbulu, na chai.

Jumapili, 10 Agosti
Mkutano. Hhando aliiweka simu juu ya kigoda katikati ya wazee, kwa spika. Ubishi ukaanza: mtu asiyeonekana anaruhusiwa kusema? Mzee Margwe, niliyechunga naye utotoni — sauti yake niliijua mara moja — akauliza, "Kwetu anayesema husimama. Huyu amesimama au amekaa?"

Nilikuwa nimekaa. Nikasimama, chumbani kwangu, fimbo mkononi. "Nimesimama!"

"Tutajuaje?"

Tekla akapaza sauti kutoka jikoni: "Amesimama, na suruali inamvuka!"

Walicheka hadi simu ikakwaruza. Nikakubaliwa. Nilifurahi kama kijana anayeingia baraza la wazee kwa mara ya kwanza.

Nikaeleza mipaka yote ya pale petu, bila kukosea. Nikakata simu, vijana wakatumwa wakaangalie, nikapiga tena wamesharudi: korongo lipo, jiwe la chumvi ya ng'ombe lipo. Margwe akasema basi, kwa ushahidi sauti inatosha. Mahali ni pa baba yangu. Lakini ardhi haipewi sauti, anapewa mwenye kulala juu yake.

"Clement, ndugu yangu. Ukija kukaa kabla ya mvua, mama huyu anahama. Usipokuja, panaandikwa jina lake. Unakuja?"

Fausta alikuwepo, Hhando alishaniambia. Sikusikia hata kikohozi. Wazee wote wale, na kimya kile nakilipia mimi kwa sekunde!

Nilikuwa nafungua mdomo. Salio likaisha, simu ikakatika.

Vocha nyingine ninayo mfukoni mwa shati. Hhando kabipu mara mbili. Tekla amesimama mlangoni, anafuta mikono, haulizi kitu. Kule bado wamekaa, wananingoja. Naandika kwanza, nisije nikasikia tena sauti ya Margwe nikajibu jingine.

Sitarudi.