Albamu Yenu Imetoka, Tata

Tata,

Kahawa imechanua, baba yangu. Tangu juzi kibanja chetu chote cha kahawa na migomba kimejaa ile harufu uliyosema inampa mtu usingizi akiwa amesimama. Leo mchana manyunyu yamekuja kutoka ziwani, mepesi mno, hayasikiki hata kwenye majani ya migomba. Nimekaa barazani nakuandikia. Kutoka hapa naliona kaburi lako. Mama ameotesha maua pembeni yake, maua aliyoyaomba kwa masista, na jina lao halijui. Nilipomuuliza alinijibu, "Yatajitambulisha yenyewe."

Nataka nikwambie kwamba albamu imetoka.

Imetoka kweli, Tata. Watu wanaisikiliza kwenye simu, na redio ya mjini imeipiga. Wiki iliyopita nilipita mtaa wa Bakoba, pale Bukoba mjini, kumsalimia Mzee Salum. Nilimkuta kwenye duka lake la ushonaji, cherehani imesimama, kitambaa cha mteja kiko magotini, anasikiliza gitaa lake la besi kwenye albamu kama mtu anayesikiliza habari za nyumbani akiwa ugenini. Aliponiona alitikisa kichwa tu. "Mwanangu," akasema, "kumbe tulikuwa wazuri."

Ningependa ungemsikia alivyolitamka hilo.

Mimi habari za bendi yenu nilizipata vipande vipande, maana wewe hukuzisimulia. Nilijua mlikuwa wanne: wewe na gitaa, Mzee Salum na besi, Ta Byabato na saksafoni, Ta Muganyizi na ngoma. Nilijua mlichanganya jazz na nanga, zile ala za nyuzi za wazee wetu, na kwamba watu walidhani mmechanganyikiwa. Nilijua mlikwenda Nairobi mkakaa huko mpaka Mama akaacha kuhesabu. Na siku uliporudi naikumbuka mwenyewe, ingawa nilikuwa mdogo. Mama alikuandalia ebitoke, ndizi za kupika, na maharage, akakaa mbele yako, akasubiri umalize kula na kunawa. Ndipo aliposema, "Sasa chagua. Mimi au hilo gitaa."

Ulipanda darini ukaliweka huko.

Kwa hiyo nimekua bila kukusikia ukipiga. Nilichokiona ni vidole vyako tu. Ulikuwa ukisubiri chai, vidole vinatembea ukingoni mwa meza. Ulikuwa kanisani, vidole vinatembea kwenye goti. Nilidhani ni ugonjwa wa wazee.

Halafu, mkiwa wazee tayari, siku moja akaja Mzee Salum, amevaa kanzu iliyopigwa pasi kama anakuja kuposa. Alisema Ta Byabato amestaafu na amerudi kutoka Mwanza. Alisema Ta Muganyizi mikono yake bado ipo. Akasema, kabla hatujaanza kuzikana mmoja mmoja, tukae tena tufanye albamu moja. Wewe ulikuwa ukitazama sakafu. Mzee Salum hakukuuliza wewe, alimtazama Mama. Na Mama, ambaye sote tulikuwa tukimwogopa siku ile, akaendelea kuchambua mchele. "Mwache aende," akasema. "Ameshazeeka, hakuna atakayeniibia."

Ile miezi uliyokuwa ukienda Bukoba kurekodi, Tata, ulikuwa mtu mwingine. Ulikuwa ukirudi na basi la jioni unatabasamu, kama mtu aliyesinzia njiani akaota ndoto nzuri na hataki kuisimulia isije ikapotea. Mara moja nilikukuta umesimama katikati ya migomba, ukungu umekufika kiunoni, umefumba macho. Nilidhani unasali. Ukaniambia, "Nasikiliza pale saksafoni itakapoingilia." Nikasimama na mimi. Sikusikia kitu zaidi ya matone, lakini sikutaka kuondoka.

Kisha moyo wako ukachoka. Hapo siwezi kuandika sana. Asubuhi ulikuwa unakunywa chai, na adhuhuri watu walikuwa wameshaanza kuleta viti vya msiba.

Wenzako walikuja kwenye matanga wote watatu. Ta Byabato alikaa nyuma, chini ya migomba, akalia bila kujificha. Baada ya mazishi niliwasikia wakizungumza. Gitaa ulikuwa umeshalipiga kwenye nyimbo zote. Kilichobaki ni sauti ya wimbo mmoja, ule uliowaambia utauimba mwenyewe. Ta Byabato alisema, "Tuache hivyo hivyo. Mimi sina nguvu." Mzee Salum ndiye aliyekataa. Alisema watamalizia hapa nyumbani kwako, Muleba, hewa yako ikiwa bado imo humo. Akamwendea Mama.

"Shemeji," akasema, "tunaomba sebule yako siku moja."

Mama akajibu, "Nyumba ni yake. Fanyeni mnavyotaka. Mimi nitakuwa shambani."

Wakaja na fundi wa sauti na mitambo yake. Tuliziba madirisha kwa magodoro na mablanketi mpaka sebule ikawa kama tumbo la ng'ombe, giza na joto. Kiti chako hakuna aliyekikalia. Fundi akabonyeza kitu, na wewe ukaanza kupiga.

Sijui nikuelezeje. Ulikuwa unalipiga gitaa kama nanga, Tata. Lilikuwa linazungumza kwa sauti ya wazee wanaosimulia habari za kale, halafu linakunja kona na kuingia mahali ambapo sikupajua, mahali penye maji na nuru. Besi la Mzee Salum lilikuwa chini yako, linatembea taratibu. Nikahisi nyumba nzima imenyanyuka kidogo kutoka ardhini. Na mimi, mtoto wako niliyeishi na wewe maisha yangu yote, ndipo nilipokujua.

Ta Byabato akaanza kuimba. Saksafoni ndiyo sauti yake, koo lake lina kutu, lakini alijitahidi. Aliimba kwa Kihaya maneno uliyomwachia: mtu anaiita mvua, *enjura*, anaiomba imletee aliye mbali. Aliimba mara ya kwanza, akakosea. Akaanza tena. Hapo mlango ukafunguliwa.

Mama alikuwa amesimama na jembe mkononi, udongo umemganda mpaka magotini. Yale magodoro hayakufaa kitu. Alikuwa amesikia yote.

"Huo wimbo mmeutoa wapi?"

Ta Byabato akavua kofia. "Ni wa marehemu, Ma Anjelina. Tulipokuwa Nairobi alikuwa akitupigia huu kila tulipokumbuka nyumbani. Aliutunga yeye."

"Hakuutunga," Mama akasema. "Huo ni wangu."

Mama akaliegemeza jembe ukutani, taratibu, kama kitu kinachoweza kuvunjika. Akatueleza. Alipoletwa hapa kutoka Rubafu, mke mpya asiyemjua mtu, alikuwa akiuimba peke yake akipalilia. Dada yake alikuwa ameolewa visiwani, ng'ambo ya maji, na hakujua kama wangeonana tena. Aliutunga mwenyewe. Hakuwahi kumwimbia mtu. "Sikujua kwamba alikuwa akinisikiliza," akasema. "Hakuniambia hata siku moja."

Kisha akamgeukia Ta Byabato, na uso wake ukabadilika ukawa wa mwalimu wa kwaya.

"Na maneno mnayakosea. Si *enjura*. Ni *enyanja*! Mimi mvua niiite ya nini, kila siku inanyesha hapa! Nilikuwa naliita ziwa."

Ta Muganyizi ndiye aliyeanza kucheka. Alicheka mpaka akaziegemea ngoma zake. Mzee Salum akafuata, na Ta Byabato, na fundi ambaye Kihaya hajui, na mwisho Mama mwenyewe, mkono mdomoni. Miaka yote hiyo, Tata! Ulisikilizia kwa mbali, ng'ambo ya migomba, ukasikia vibaya, ukaondoka nao hivyo hivyo mpaka Nairobi ukawa unaiita mvua. Mama alicheka mpaka kicheko kikageuka kilio, na hatukujua ni wapi kimoja kilipoishia.

Alipotulia alijifuta uso kwa kanga. Akamwambia fundi, "Washa hiyo mashine yako."

Aliimba mara moja tu. Hakuimba kama kanisani. Aliimba kwa sauti ndogo, ya mtu aliyeinama anang'oa magugu, na gitaa lako likawa linamfuata. Hapana, linamsindikiza, kama vile ulikuwa umemwachia nafasi tangu zamani. Ta Byabato aliingia na saksafoni mwishoni, polepole sana. Ndivyo ilivyo kwenye albamu. Ndio wimbo ambao watu wanaurudia.

Jioni ile tulikaa jikoni, mimi na yeye. Nilidhani atazungumzia mambo ya kurekodi. Alikuwa akimenya ndizi. Akasema, "Nilidhani kule Nairobi alinisahau." Akamenya nyingine. "Kumbe alikwenda na mimi."

Jumamosi iliyopita walipiga mbele ya watu, mjini Bukoba, kwenye ukumbi ulio karibu na ziwa. Milango iliachwa wazi, upepo ukawa unaingia na harufu ya maji. Mama alikataa kusimama, akaimba amekaa, amevaa kitenge kipya alichoshonewa na Mzee Salum. Alipofika pale penye *enyanja*, wazee kadhaa waliitikia bila kuambiwa, na mimi nikahisi naelea, sijui niko mwaka gani, sijui kama wewe uko hai au la, na kwa muda ule haikuwa na tofauti.

Baadaye, wakikunja nyaya, Mama alimwita Mzee Salum. Nilikuwa nimesimama hapo, ndiyo maana naweza kukuandikia maneno yake kama yalivyo.

"Shemeji, zamani mlipokuwa mkipita nyumbani kumchukua, kwa nini hamkunichukua na mimi?"

Mzee Salum alikunja waya wa gitaa lake. "Tulijua utakataa," akasema.

"Ningekataa," Mama akasema. "Lakini mngeniuliza."

Tata, mvua imeisha sasa, na ninamwona anatoka jikoni, anavuka uwanja kuja huku. Pumzika. Ulimpenda kwa siri na ulisikia vibaya, lakini ulisikiliza, na mimi sikukasirikii. Nenda zako salama huko uliko, usitusubiri kwa haraka. Wenzako wanataka kwenda Mwanza mwezi ujao, na kila mmoja ameshaamua kwamba Mama atakuwa amechoka mno kwa safari ya meli. Nakuahidi kitu kimoja: kabla mtu yeyote hajajibu kwa niaba yake, mimi nitamuuliza.

Mwanao,
Koku